Risiti nne mezani: kulinganisha dawa za kisukari na za kupunguza uzito wakati bei hazitulii

Shangazi yangu alizipanga risiti nne mezani, moja kando ya nyingine, akaniambia, "Mwanangu, hebu tazama mwenyewe. Kila mwezi wananiongezea." Ana kisukari cha aina ya pili, na tangu daktari amhamishie kwenye tirzepataidi, ile sindano ya mara moja kwa wiki inayouzwa kwa jina la Mounjaro, amekuwa akilipa kutoka mfukoni mwake. Nikaichukua ya kwanza na ya pili nikazisoma sambamba. Bei zilitofautiana kweli. Lakini chini ya jina la dawa, kwa herufi ndogo, ya kwanza ilisema miligramu 2.5, ya pili miligramu 5, ya tatu 7.5. Bei ilikuwa haijaguswa. Kilichopanda ni dozi. Risiti ya nne tu ndiyo iliyokuwa na miligramu zilezile 7.5 na bado ikaizidi ya tatu. Hapo ndipo bei ilipopandishwa.

"Kumbe," akasema, akabaki ameishika ile ya nne peke yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia jamaa zangu wote jambo moja: bei ya boksi moja haikusaidii kuchagua dawa. Unachohitaji kujua ni bei ya dozi utakayokaa nayo, na utakaa nayo muda gani. Ukilinganisha dawa kwa msingi huo, mpangilio wa ghali na nafuu hubadilika kabisa.

Bei ya kuanzia na bei ya kukaa nayo

Dawa za kundi la GLP-1 (zinazoiga homoni ya utumbo inayosaidia kushusha sukari na kukufanya ushibe), yaani semaglutaidi, liraglutaidi na dada yao tirzepataidi, huanzwa kwa kiasi kidogo ili tumbo lizoee, kisha dozi huongezwa hatua kwa hatua. Ile ya mwanzo haikusudiwi kushusha sukari wala uzito kwa kiasi cha maana. Inauzoesha mwili tu usilemewe na kichefuchefu. Kwa hiyo tangazo linalokuonyesha bei ya mwezi wa kwanza linakuonyesha bei ya dozi ambayo karibu kila mgonjwa ataiacha.

Wapo watengenezaji wanaotoza bei moja kwa dozi zote, na wapo wanaotoza kwa ngazi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tazama kilichotokea Uingereza Septemba 2025, Eli Lilly walipopandisha bei waliyoitangaza ya Mounjaro kwa wanaojilipia. Kalamu ya mwezi ya miligramu 5 ilitoka pauni 92 ikafika 180. Ile ya miligramu 15 ilitoka pauni 122 ikafika 330. Habari zilikazia ule mruko wa asilimia 170, na ni haki. Lakini kwa mtu anayechagua, mimi naona jambo zito zaidi ni pengo kati ya ngazi: zamani kutoka dozi ya 5 hadi ya 15 uliongeza pauni 30, baada ya hapo uliongeza 150. Aliyepiga hesabu ya mwaka mzima kwa bei ya dozi ndogo hesabu yake ilivurugika hata kabla ya kufika juu.

Wauzaji wengine walipata punguzo, hivyo si kila mteja aliyelipa ongezeko lote. Na wagonjwa wanaopewa dawa hiyo kupitia NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, hawakuguswa. Dawa ileile, nchi ileile, bei mbili, kutegemea nani anayelipa.

Dawa zenyewe, kwa kuzitazama pamoja

| Dawa | Hutumiwaje | Uzito unaopungua | Bei inaelekea wapi |
|---|---|---|---|
| Metformini | Vidonge kila siku | Kilo 2 hivi | Chini, imetulia miaka mingi |
| Dapagliflozini, empagliflozini | Kidonge kimoja kwa siku | Kilo 2 hadi 3 | Inashuka kadiri jeneriki (dawa ileile kutoka viwanda vingine) zinavyoingia |
| Liraglutaidi (Victoza, Saxenda) | Sindano kila siku | Asilimia 8 hivi kwa dozi ya unene | Inashuka, jeneriki zimeshaingia |
| Semaglutaidi (Ozempic, Wegovy) | Sindano kila wiki | Asilimia 15 hivi kwa dozi ya unene | Inashuka, hataza (haki ya mvumbuzi kutengeneza peke yake) zinaisha nchi baada ya nchi |
| Tirzepataidi (Mounjaro, Zepbound) | Sindano kila wiki | Asilimia 21 hivi kwa dozi ya juu | Inategemea nchi, hataza bado ina miaka mingi |

Asilimia hizo za sindano zinatokana na majaribio ya watu wasio na kisukari. Mwenye kisukari hupungua chini ya hapo: kwenye majaribio yao wenyewe, semaglutaidi ya miligramu 2.4 iliwapunguza kwa asilimia 9.6 na tirzepataidi ya miligramu 15 kwa asilimia 14.7. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wenye kisukari huhesabu pesa zao kwa matokeo ya watu wengine, kisha hujilaumu mizani isipotii.

Kama tatizo lako kuu ni sukari

Metformini ianze kuzungumziwa, hata kama haina mvuto. Imetumika Ufaransa tangu 1957, hataza yake ni historia, viwanda vingi duniani vinaitengeneza, na kwa sababu hiyo bei yake haina vituko. Hushusha kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kwa takriban pointi moja hadi moja na nusu. Mtu akiniambia anaikimbilia sindano kwa sababu metformini ilimsumbua tumbo, humuuliza kama alijaribu ile inayoyeyuka polepole na kama aliimeza pamoja na chakula. Mara nyingi hakuambiwa.

Zinazofuata ni dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Hazishushi uzito sana, lakini zinalinda moyo na figo, na hizi ndizo ambazo mabadiliko ya bei yamekuwa habari njema tupu. India, hataza ya empagliflozini ilipokwisha Machi 2025, jeneriki zilimiminika sokoni ndani ya siku chache na bei ikaporomoka. Kama daktari aliwahi kukutajia dawa hizi ukashindwa bei, rudi uulize tena.

Gliklazidi na ndugu zake ni nafuu pia, lakini huongeza uzito kidogo na zinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kwa mtu anayepambana na mambo yote mawili, unafuu huo una gharama yake.

Sindano za GLP-1 zinastahili bei yake kwa mwenye kisukari pale penye sababu ya ziada: moyo, figo, au unene unaozidisha kisukari chenyewe. Jaribio lililotangazwa 2024 lilionyesha semaglutaidi inapunguza kwa asilimia 24 matukio makubwa ya figo kwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo. Ndiyo maana Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu, likiwalenga wenye kisukari cha aina ya pili wenye ugonjwa wa moyo au figo na unene. Ukiwa kwenye kundi hilo, una hoja nzito ya kupeleka kwa bima yako, na iandikwe kwenye barua ya daktari kwa maneno hayohayo.

Semaglutaidi au tirzepataidi

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo bei imelivuruga zaidi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Ozempic na Wegovy ni dawa moja, semaglutaidi. Ozempic imeidhinishwa kwa kisukari na dozi yake ya kawaida inafika miligramu 2. Wegovy imeidhinishwa kwa unene na dozi yake ya kawaida ni 2.4. Vivyo hivyo, Marekani wana Mounjaro kwa kisukari na Zepbound kwa unene, na ndani yake ni tirzepataidi ileile. Jina kwenye boksi huamua bima ilipe au isilipe. Mwilini halibadilishi kitu.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililozikutanisha dawa hizi mbili uso kwa uso kwa watu wenye unene wasio na kisukari, kwa wiki 72. Waliopata tirzepataidi walipungua wastani wa kilo 22.8. Waliopata semaglutaidi, kilo 15.

Sasa tupige hesabu. Marekani, kwa wanaojilipia moja kwa moja kwa mtengenezaji, mwishoni mwa 2025 dozi za juu za Zepbound ya vichupa zilikuwa dola 449 kwa mwezi, na Wegovy ya sindano dola 349. Ukitazama boksi, Wegovy ni nafuu kwa dola 100. Wiki 72 ni vipindi 18 vya wiki nne. Tuchukulie, kwa kurahisisha, kwamba vipindi vyote ni kwa bei ya dozi ya juu: Zepbound inakuwa dola 8,082 na Wegovy dola 6,282. Gawa kwa kilo zilizopungua. Kila kilo iligharimu dola 354 hivi kwa Zepbound, na dola 419 hivi kwa Wegovy. Boksi la bei kubwa limegeuka kuwa njia nafuu ya kupunguza kilo.

Je, basi ndiyo uchague Zepbound? Si lazima, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasiishie kwenye mizani. Kama una kilo 12 za kupunguza, kilo 22 hazikuhusu. Chukua dawa ambayo mfuko wako utaimudu miezi yote. Kama moyo wako umeshawahi kupata shambulio, semaglutaidi ina ushahidi wa 2023 kwa watu wa aina yako wasio na kisukari: ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi vikihesabiwa pamoja. Kwa sukari, tirzepataidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Dozi yake ya juu ilishusha HbA1c kwa pointi 2.3 dhidi ya 1.86 za semaglutaidi ya miligramu 1.

Kuhusu muda wa kukaa nayo, mtu asikudanganye. Watu walioacha semaglutaidi kwenye jaribio walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza ndani ya mwaka mmoja. Ukiweza kulipia miezi minne tu, fahamu hivyo kabla ya kulipia wa kwanza, uzungumze na daktari juu ya njia unayoweza kudumu nayo. Ninawafahamu waliojinyima mengi ili wapate hiyo miezi minne, na wanaumia mara mbili.

Liraglutaidi: ya zamani, lakini isidharauliwe

Ni sindano ya kila siku, na inapunguza uzito kidogo kuliko zile za wiki. Lakini ndiyo ya kwanza katika kundi lake yenye majina haya makubwa kufikiwa na jeneriki: Marekani, kampuni ya Teva ilianza kuuza jeneriki ya Victoza Juni 2024 na ya Saxenda Agosti 2025. Kwa anayehitaji kundi hili la dawa na hawezi kabisa bei ya nyingine, ulizia. Kuchoma kila siku kunachosha, hilo ni kweli, na kwa wengine ndiko kunakoamua.

Ununue sasa au usubiri?

Bei za sindano za wiki zimeshuka Marekani kwa kasi ambayo miaka mitatu iliyopita hakuna aliyeiamini. Wegovy iliingia sokoni 2021, na bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Machi 2025 anayejilipia akapewa kwa 499. Novemba 2025 ikashuka hadi 349. Kidonge cha Wegovy kilichoidhinishwa Desemba 2025 kikaanza kuuzwa Januari 2026, dozi ya kuanzia ikiwa dola 149, na hapo tena ukumbuke: dozi ya kuanzia. Serikali nayo, kwa mpango wa Medicare wa wazee, imekubaliana bei ya semaglutaidi kuwa dola 274 kuanzia 2027.

Nguvu zilizosukuma huko ni tatu zilizokutana: Lilly na Novo Nordisk, watengenezaji wa Wegovy, kugombea wateja, upungufu wa dawa kwisha, na serikali kubana. Upungufu una maana yake. Dawa ilipokuwa haitoshi, kuanzia 2022, famasi za Marekani ziliruhusiwa kuchanganya semaglutaidi zao wenyewe na kuziuza kwa bei ya chini. Februari 2025 upungufu ulipotangazwa umekwisha, ruhusa hiyo ikafungwa, na watengenezaji wakalazimika kushusha bei ili wawavute wateja waliozoea unafuu.

Kwingineko nguvu kubwa ni hataza. Ya semaglutaidi ilikuwa ifike mwisho Machi 2026 katika India, China na Brazili, nchi zenye viwanda vikubwa vya jeneriki. Kanada ulinzi wa data zake za majaribio uliondoka Januari 2026, na hataza yenyewe ilikuwa imeanguka miaka kadhaa kabla kwa sababu ada ya kuihuisha haikulipwa. Marekani itaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa hiyo jibu la "nisubiri?" linategemea dawa unayoitaka. Kwa semaglutaidi, yapo matumaini ya kweli ya bei kushuka katika nchi nyingi. Kwa tirzepataidi, ushindani unaweza kuishusha, lakini jeneriki iko mbali. Nami simshauri mtu ambaye sukari yake imekataa kutulia asubiri bei. Macho na figo havisubiri. Achukue kinachopatikana leo, hata kama ni metformini na kidonge cha pili, abadilishe baadaye.

Insulini ilitufundisha nini

Waliovumbua insulini Toronto waliuza hataza yao kwa chuo kikuu mwaka 1923, dola moja kila mmoja. Kichupa cha Humalog, insulini ya Lilly, kilipoingia sokoni Marekani mwaka 1996 kilikuwa dola 21. Miaka ishirini na kitu baadaye, kioevu kilekile kilikuwa dola 275 hivi. Machi 2023 Lilly wakatangaza kuishusha kwa asilimia 70, na Novo Nordisk na Sanofi wakafuata. Sababu moja haikuzungumzwa sana: kuanzia Januari 2024 sheria iliondoa ukomo wa marejesho ambayo kampuni zinailipa Medicaid, mpango wa watu wa kipato cha chini, kwa dawa zilizopandishwa bei kuliko mfumuko wa bei. Kuendelea na bei ile kungezigharimu kampuni kila kichupa wanachouza kupitia mpango huo.

Ninaikumbuka hadithi hii kila ninaposikia kwamba dawa ni ghali kwa sababu kuitengeneza ni ghali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walikadiria mwaka 2024 kwamba semaglutaidi ya mwezi inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida chini ya dola 5. Utafiti na majaribio yana gharama zake, sibishi. Lakini bei unayoiona huwekwa na kinachowezekana kutozwa, na kinachowezekana kutozwa hubadilika watu wakidai.

Anayelipia bima

Ukiwa na bima, ulinganisho wako ni mwingine kabisa: ni ipi iliyo kwenye orodha yao mwaka huu. Julai 2025, CVS Caremark, wanaosimamia orodha za dawa za bima nyingi Marekani, waliiondoa Zepbound kwenye orodha zao za kawaida wakabakiza Wegovy, baada ya kuelewana bei na Novo Nordisk. Wagonjwa waliokuwa wakiendelea vizuri na moja wakajikuta wanahamishiwa nyingine. Januari 2026, mpango wa Medicaid wa jimbo la California ukaacha kulipia dawa hizi kwa ajili ya kupunguza uzito, ukaendelea kwa kisukari. Soma barua za bima za mwisho wa mwaka. Ziko kavu na ndefu, na huwa zina mstari mmoja unaokuhusu wewe.

Mahali pa kutobana matumizi

Watu wananunua kalamu ya dozi kubwa na kuhesabu mibofyo ya kitufe chake ili waigawe kwa wiki nyingi. Kalamu ya Mounjaro ya dozi nne ikishafunguliwa inatakiwa itupwe baada ya siku 30, na kukosea mibofyo kwenye dozi kubwa kunaweza kukulaza hospitali kwa kutapika. Na bei iliyo chini kuliko zote ulizoziona iogope: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama si mfamasia aliyesajiliwa na cheti cha daktari, usichome.

Kuhusu shangazi, nilimwandikia swali moja nyuma ya ile risiti ya nne, akaenda nalo kwa daktari: "Je, lazima nipande hadi 7.5?" Daktari akafungua vipimo vyake. Sukari ilikuwa imeshatulia alipokuwa kwenye miligramu 5, na dozi ilipandishwa kwa sababu ratiba ilisema hivyo. Akamrudisha kwenye 5, na kipimo kingine baada ya miezi mitatu. Risiti ya tano aliniletea mwenyewe, na kabla sijaishika alikuwa ameshaweka kidole kwenye zile herufi ndogo.